Malaika na Malkia

Jumamosi, mwezi wa Rozari

Upepo wa leo umeuchota uwanja wa shule na kuumwaga barazani kwangu. Oktoba ya Dodoma ndivyo ilivyo, jua kali na vumbi, na mvua bado hata harufu yake haijasikika. Nimefagia mara mbili tangu asubuhi, ya tatu nimeiacha. Mezani nina rundo la madaftari ya darasa la kwanza, lakini kalamu nyekundu imelala tu, maana tangu jana saa sita na robo nina swali la mtoto kichwani na halitaki kutoka. Nitalifikia. Lina safari yake.

Nafundisha Kiswahili darasa la kwanza na la pili katika shule ya msingi ya masista, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Iringa. Ni shule ya mchepuo wa Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili ni somo moja tu, langu. Kengele yetu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwarobaini. Ikigongwa asubuhi ni mstari, wimbo wa Taifa, sala, ukaguzi wa kucha. Saa nne ni uji. Lakini mlio ninaoupenda ni wa saa sita kamili, mara tatu, kimya, mara tatu, kimya, mara tatu tena. Hapo shule yote husimama kusali. Mpishi na mwiko wake, kijana wa darasa la saba aliyekuwa amebeba ndoo, sista aliyekuwa katikati ya kukaripia. "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria." Watoto wetu Waislamu husimama nao, kimya, mikono nyuma, na hakuna anayewadai zaidi ya hapo. Huwa nawatazama na kuona kwamba utulivu wao nao ni adabu kubwa mbele za Mungu.

Mwezi wa kwanza alikuja mtoto kutoka kwa bibi yake kijijini. Mama yake yuko Dar es Salaam, ndiye anayelipa ada. Nyumbani kwa bibi husemwa Kigogo, na Kiswahili chake kingi kilikuwa cha kanisani, kwa hiyo alisema "uwezo" na "neema" kabla ya kujua kusema "nikopeshe ufutio". Wiki ya kwanza niliuliza darasani nani anajua kusoma, akanyoosha mkono. Mezani palikuwa na kitabu cha sala. Nikamfungulia Malaika wa Bwana, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma mpaka mwisho bila kukwama, hata na vituo vya padri. Nilisimamisha darasa zima limpigie makofi. Kisha nikamhamishia dawati la wanaochelewa ili awasaidie.

Hapo nilikosea, na kosa hilo nililibeba miezi mitatu bila kulijua. Nina watoto 41, na yeye hakunipa shida. Kila ukurasa niliousoma mbele ya darasa aliusikia mara moja tu, kisha aliurudisha kama ulivyo.

Pasaka ndiyo iliyofichua. Kuanzia Pasaka mpaka Pentekoste, saa sita hatusali Malaika wa Bwana, tunasali "Malkia wa mbingu, furahi, aleluya". Tuliporudi shuleni nilimwita aongoze, nikamfungulia ukurasa wa majira hayo. Aliutazama. Akaweka kidole. "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria, naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu." Kidole kilikuwa kinatembea juu ya aleluya, kinavuka aleluya nyingine, na mdomo hauna habari nazo. Sala ya kitabuni ni fupi kuliko ile ya kichwani mwake. Ikaisha, kidole kikasimama kwenye karatasi nyeupe, na yeye akaendelea kusali.

Wenzake waliojua walicheka. Alinitazama mimi, si wao. Nikafunga kitabu, nikaongoza mwenyewe.

Usiku ule nilikuwa na hasira, na nyingi ilikuwa ya aibu. Nilijiona nimedanganywa na mtoto wa miaka saba. Asubuhi nilikifungua tena kile kitabu kabla ya mstari, nikaziweka kurasa mbili macho kwa macho. Malaika. Malkia. M kubwa ileile, halafu a, halafu l. Nilikaa chini. Mtoto alikuwa ametazama! Aliona "Mal", akajua kinachofuata, kama wewe unavyomjua ndugu yako kwa kisogo. Na neno lenyewe lililomwangusha si la haki kwa mtoto aliyelelewa kwa ba, be, bi, bo, bu. Karibu kila silabi tunayomfundisha huishia na irabu, kisha tunamwekea "malkia", ambamo l imesimama peke yake bila irabu ya kuishika. Ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, kama daftari, labda, maktaba, na watoto wangu wote hujikwaa hapohapo.

Ijumaa bibi yake alikuja kuleta karanga na kumwona mjukuu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaongeza na mbukwenyi, salamu yake ya Kigogo. Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo.

"Mimi kitabu sikijui, mwalimu," alisema. "Sala nilizishika kwa masikio."

Alifundishwa na katekista chini ya mbuyu, akabatizwa na padri Mwitaliano, mmoja wa wale Wapasionisti ambao kwa ajili yao Kanisa Kuu letu la Dodoma linaitwa la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa shirika lao. Mjukuu akiwa nyumbani, kila usiku husali naye gizani, huyu mstari, huyu mstari. Nikauliza kama nyumbani kuna kitabu. Kipo, cha marehemu babu, kimefungwa kwenye kanga. Hukitoa akiugua mtu, humshikisha mgonjwa mkononi, nao husali wakiwa wamefumba macho.

Basi nikaelewa. Mtoto alikuwa anasoma kama alivyoona watu wa kwao wakisoma. Unashika kitabu, unatamka maneno matakatifu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba maneno yanatoka kwenye zile alama.

Tangu mtaala wa mwaka 2015 ulipoweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa darasa la kwanza na la pili, walimu tumezoea kusemana vibaya kwa ajili ya kukariri, na mimi nimekuwa mkali kuliko wengi. Siku hizi najizuia. Mtoto huyu alikuwa na ghala limejaa, alichokosa ni ufunguo, na mimi karibu nimwage ghala ili nimfundishe kutumia ufunguo.

Nilikata vipande vya manila, kila kipande neno moja la sala anayoijua. Nikavichanganya. Nitafutie Maria. Nitafutie Malaika. Sasa hili hapa si Malaika, ingawa wanafanana mwanzo, tazama baada ya l kuna nini. Tulifanya hivyo dakika kumi kila siku, wenzake wakinywa uji. Shida kubwa ilikuwa herufi e. "Neema" aliisoma "niima", siku nne mfululizo, mpaka nikakumbuka kwamba kipindi kinachotangulia changu ni cha Kiingereza, na huko e inaitwa "i", na a inaitwa "ei". Nikamwambia herufi zina jina la kule na sauti ya huku, kama yeye alivyo na jina la ubatizo na jina la kwao. Hilo alilipokea mara moja.

Mwezi wa saba, kwenye ule upepo wa baridi, alisimama jikoni akasoma gunia: su-ka-ri. Neno hilo halimo katika sala yoyote. Sikumwambia mtu, nilikwenda stoo nikalia kidogo.

Sasa ni Oktoba. Baada ya Malaika wa Bwana tunasali fungu moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi, chini ya mwarobaini. Jana tulipomaliza, wengine wakikimbilia foleni ya kunawa, yeye alinifuata na kitabu chake, kidole kimebana ukurasa wa Salamu Maria.

"Mwalimu, kumbe Bwana hanawi?"

Sikuelewa. Akanionyesha. "Bwana yu nawe." Kidole chake kilikuwa kwenye ile nafasi ndogo kati ya "yu" na "nawe".

"Bibi anasema Bwana anawe. Tunasema hivyo kila siku. Mimi nilijua ananawa, ndiyo wale chakula na Maria."

Nikamweleza kwamba "yu nawe" ni Kiswahili cha zamani, maana yake yupo pamoja nawe. Alisoma tena, polepole, akiruka ile nafasi kwa kidole kama mtu anavyoruka mfereji. Kisha akauliza lile swali ambalo limenikalisha hapa mpaka jioni hii.

"Sasa bibi akisema vile, Maria anamwelewa?"

Nilimjibu ndiyo, anamwelewa vizuri sana.

Akafikiri. Akafunga kitabu.

"Basi simwambii," akasema, akaenda kupanga foleni.