Usiukwangue ule weusi

Mashine ya klorini ya zahanati yetu ni kitu kidogo: ndoo, maji ya chumvi, umeme wa sola na sahani mbili za titani. Moja inang'aa kama bati jipya, nyingine nyeusi. Kila mhudumu mgeni akiiona ile nyeusi hutafuta stilwaya. Namzuia papo hapo.

Weusi ule si kutu wala masizi. Ni utando wa oksidi ya rutheni, metali adimu, iliyochanganyika na oksidi ya titani, unene wake mikromita chache tu. Kiwandani sahani hupakwa mmumunyo wenye rutheni, ikachomwa tanuruni kwa nyuzi 400 hadi 500 hivi, ikapakwa tena, ikachomwa tena, tabaka juu ya tabaka. Kinachopatikana ni kauri, tena kauri inayopitisha umeme! Titani tupu haiwezi kazi hii: ukiiunganisha upande wa chanya hujifunika oksidi yake yenyewe, mkondo ukakwama.

Mseto huo ulibuniwa na Henri Beer miaka ya 1960, na kampuni ya De Nora ya Italia ikauingiza viwandani. Kabla ya hapo viwanda vya klorini vilitumia anodi (sahani za upande wa chanya) za grafiti, ambazo zililika polepole na kila mara zilihitaji kurekebishwa.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni hili. Kwa hesabu ya volti, maji ndiyo yangetangulia kuvunjika: oksijeni huhitaji volti 1.23, klorini 1.36. Lakini juu ya utando huu klorini hutoka kwa wepesi, oksijeni inasuasua. Ndiyo sababu chumvi naipima kwa mizani, sikadirii kwa kiganja. Chumvi ikipungua, oksijeni huongezeka, na rutheni nayo huanza kuliwa. Madini haya ni adimu mno, mengi yanatoka Afrika Kusini yakiandamana na platini. Hatuna ya kuchezea.

Ukoga mweupe wa chokaa, ambao hushika zaidi ile sahani inayong'aa, unaondoka kwa siki: loweka, suuza, basi. Nyaya zisibadilishwe, maana utando ukiwekwa upande wa hasi huharibika. Waya mwekundu uende kwenye sahani nyeusi. Na dirisha liachwe wazi mashine ikiwaka, kwa kuwa sahani inayong'aa inatoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka.