Tairi la nyuma la Spyder: kumbukumbu ya mradi, Machi hadi Mei

Machi 22, maili 31,480

Baridi imelegea, Spyder, pikipiki yangu ya magurudumu matatu, imetoka gereji mara ya kwanza tangu Desemba. Nimeisogeza juani, nikapiga magoti nyuma yake na senti moja mkononi. Huku Marekani tairi hupimwa kwa senti: unaichomeka kwenye mfereji, kichwa cha Rais Lincoln kilichochorwa juu yake kikitangulia chini. Ukikiona kichwa chote, kashata zimekwisha, zimebaki inchi 2/32, yaani kama milimita 1.6, na kwa majimbo mengi sheria haikuruhusu tena. Pembeni Lincoln alizama mpaka nyusi. Katikati nilimwona mzima, na nafasi ikabaki juu ya nywele zake.

Kwa aliyechelewa kufuata mradi huu: ni Spyder RT ya 2016, injini ya Rotax ya silinda tatu, cc 1,330, nguvu za farasi 115, mkanda badala ya cheni. Ina kilo 459 kabla ya mafuta. Kabla ya kuja Ohio niliendesha bajaji Tandika miaka minne, kwa hiyo magurudumu matatu si mageni kwangu, ila huku wameyageuza: mawili mbele, moja nyuma. Bajaji inasukumwa na mawili. Hapa farasi wote 115 wanapita kwenye tairi moja, pana, bapa kama la gari, na ndilo linaloliwa.

Hili nililifunga jipya maili 9,100 zilizopita. Kijana wangu alichungulia akauliza, "Baba, mbona limekula katikati tu?" Nikamwambia matairi ya siku hizi ni mepesi. Jibu la kiburi. Litanirudia hapo chini.

Machi 30

Wiki nzima nimelala na namba. Tairi la kiwandani la nyuma limeandikwa 225/50R15 76H. 225 ni upana kwa milimita. 50 ni kimo cha ubavu, asilimia 50 ya upana. 15 ni rimu kwa inchi. H ni mwendo, kilomita 210 kwa saa. Hiyo 76 ndiyo wengi tunairuka, nayo ni uzito tairi linaloweza kubeba: kilo 400. Tairi la gari la rimu hiyo hiyo huwa na 88, au 91, na 91 ni kilo 615. Ubavu wake ni mgumu zaidi, na ugumu huo una matokeo yake kwenye upepo, nitayafikia.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, rudisha tairi lile lile. Duka nililouliza lilitaka dola 410 pamoja na kulifunga, na foleni ya wiki tatu. Ya pili ni ile ya waendeshaji wengi wa Spyder: funga tairi la gari dogo. Kiwanda hakishauri, kitabu kinasema tumia lililopendekezwa tu. Nasema wazi ili mtu asije akanifuata kwa kuona nimefanya mimi. Nimempigia wakala wa bima kwanza, nimemweleza, ameandika kwenye faili. Fanya hivyo kabla ya kununua spana.

Kimahesabu, tairi linalolingana kabisa ni 205/55R15. Kipenyo chake ni milimita 606.5, la kiwandani 606. Kama pacha. Tatizo ni kwamba saizi hiyo imebaki kwa matairi ya mbio za kiangazi; nilitafuta la misimu yote nikachoka. 205/60R15 yapo tele, lakini kipenyo kinapanda hadi 627. Nusu ya hiyo tofauti, milimita 10.5, ndiyo mgongo wa pikipiki utakayoinuka. Hiyo si neno. Kilichonikosesha usingizi ni kompyuta ya uthabiti. Inalinganisha mzunguko wa magurudumu ya mbele na la nyuma; ikiona hayapatani, inaminya breki na kukata nguvu. Tairi kubwa zaidi linazunguka polepole zaidi, hapa asilimia 3 na kitu. 215/60R15, ambalo wapo wanaolisifia, linafika 639, asilimia 5 na zaidi. Nimelitoa kwenye orodha. Sitaki kubishana na kompyuta nikiwa kwenye kona.

Aprili 5

Mvua kutwa. Nimekaa na kikokotoo.

Kuna kanuni iliyotoka kwa watafiti wa NASA waliokuwa wakichunguza ndege zinavyoteleza kwenye njia zenye maji: mwendo ambao tairi linaanza kuelea, kwa maili kwa saa, ni kama 10.35 mara kipeuo cha pili cha upepo kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba). Ukijaza 28 unapata karibu maili 55. Ukijaza 20, maili 46. Upepo ukipungua, kuelea kunawahi. Na kila niliyeongea naye mwenye tairi la gari anajaza chini ya 28, kwa sababu ule ubavu mgumu unabeba mzigo wenyewe. Ukilijaza sana linavimba katikati kama andazi na kukanyagia kitovu tu.

Kanuni hiyo inahesabu tairi ambalo mifereji yake imezidiwa na maji, au halina kabisa. Tairi lenye mifereji mirefu ya kuhamisha maji lina nafasi zaidi, na jembamba linayakata maji kuliko pana. Kwa hiyo 205 dhidi ya 225 si hasara kwangu, ni faida. Mtu akinionyesha tairi la nyuma pana kwa majigambo, mimi namwonyesha mawingu.

Nimeagiza 205/60R15 91, la misimu yote, lenye mifereji minne mizima inayozunguka. Dola 97.

Aprili 12

Siku ya kufungua. Kabla ya kugusa spana nilimpa kijana geji, apime upepo wa tairi la zamani kwa ajili ya kumbukumbu tu.

"Thelathini na tatu, Baba."

Nikampokonya geji. Nikapima mwenyewe. Thelathini na tatu.

Kitabu kinasema nyuma 28, mbele 15. Mimi miaka miwili nimekuwa nikijaza kwa mkono wa mazoea, kama gari la mama watoto, 32 na cha juu kidogo. Kwa hiyo lile tairi "jepesi" halikuwa jepesi. Nililipandisha kitovu mwenyewe, likazunguka maili 9,100 likikanyagia katikati tu, huku pembeni kashata zimekaa kama mpya. Kijana hakusema kitu. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo, ikatosha.

Kazi yenyewe: jeki mbili nyuma, breki ya maegesho imefunguliwa, nati ya ekseli imelegezwa kwa bomba la mita moja. Vile vibolti viwili vya kurekebishia mkanda nimevichora mstari wa rangi nyeupe na kuhesabu nimevizungusha pande ngapi, kushoto sita, kulia sita. Gurudumu likatoka.

Nimelipeleka peke yake kwenye buti la gari kwa fundi tairi. Aliniuliza ni la gari gani. Nikamwambia ukweli, akasita, akaenda ndani kuuliza, akarudi akafunga. Kabla hajalipandisha nilitazama tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT zilikuwa 4624, wiki ya 46 ya 2024. Changa. Kufunga na kubalansi dola 25.

Aprili 19

Mkanda umenitesa kuliko tairi. Ukiuweka sawa, ukikaza nati ya ekseli kwa kipimo, unahama. Unalegeza, unarudisha robo ya upande, unakaza, unazungusha gurudumu kwa mkono, unatazama. Mara ya tano umekaa bila kusugua ukingo wa puli. Usiufanye kwa haraka, na usiufanye na njaa.

Jioni tukaenda na chaki kwenye maegesho ya duka lililofungwa. Ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Unachora mstari mnene wa chaki kuvuka tairi, ukingo hadi ukingo. Unaendesha taratibu, moja kwa moja, kama mita hamsini, bila kona. Unashuka kutazama chaki imefutika wapi, maana hapo ndipo tairi linapokanyaga.

Tulianza na 28. Imefutika ukanda wa vidole vitatu katikati, pembeni nyeupe pee. Tukashusha hadi 24: vidole vikaongezeka, kingo bado nyeupe. Kijana sasa alikuwa mtu wa chaki, mimi mtu wa geji, na mikono yake imekuwa kama ya mwokaji. 20: chaki imefutika karibu upana wote, imebaki michirizi miwili myembamba mwishoni kabisa. 18: imefutika yote, lakini usukani ukawa mzito wa kuitikia, nyuma inacheza kama godoro. Tukarudi 20, tukapima tena tairi likiwa baridi asubuhi yake. 20 ndiyo yetu, na mizigo na mke nyuma nitaongeza hadi 22.

Nimefanya breki kali mara tatu na kona za duara pande zote mbili. Kompyuta imenyamaza. Kipima mwendo nimekilinganisha na GPS ya simu, kinaonyesha 60 nikiwa 60.

Mei 26, maili 32,940

Wikendi ya Memorial Day, sikukuu ya Marekani ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa, tumeshuka kupitia West Virginia hadi Fancy Gap, Virginia, na kuingia Blue Ridge Parkway. Barabara nzima ni maili 469, kasi ya juu 45, malori ya biashara marufuku, kona baada ya kona. Tulibaki upande wa Virginia, kwa sababu wakati huo North Carolina bado kulikuwa na vipande vilivyofungwa tangu kimbunga Helene cha Septemba 2024.

Siku ya pili mvua ilitushika kwa saa mbili. Nilikwenda 40, nikiwa na ile 46 ya NASA kichwani kama kibao cha polisi. Nyuma hapakuyumba. Mke wangu kwenye spika ya kofia alisema mara moja tu: "Leo hujanung'unika." Tofauti nyingine ni kwenye nyufa za madaraja: ubavu mrefu unazimeza, mgongo unashukuru.

Nyumbani nimepima kwa geji ya kina badala ya senti. Lilikuwa 10/32 jipya. Sasa katikati 9, kushoto 9, kulia 9.

Nikiwa chini pale nikapitisha kiganja kwenye la mbele kushoto, 165/55R15, ambalo sikuwa na shida nalo. Ukingo wa ndani una makali kama msumeno, wa nje laini. Upepo ni 15, nimeuhakikisha mara mbili, safari hii. Itakuwa alaimenti. Nimepata miadi ya kupimwa kwa leza Juni 7, na kijana ameshaniuliza kama aje na chaki.