Miguu ya wanangu na barua ya jirani

Jumanne nimerudi kazini nikakuta karatasi kwenye kisanduku cha barua, imekunjwa mara mbili, haina jina. Kijapani changu cha kusoma bado kinachechemea, nikaipiga picha, simu ikanisomea: tunaomba mzingatie sauti za miguu ya watoto, hasa asubuhi na mapema na usiku. Hakuna tusi ndani yake. Kuna samahani mbili, moja mwanzo na moja mwisho. Jumatano ofisi inayosimamia jengo ikapiga simu kurudia yale yale kwa adabu zaidi. Hii ni barua ya pili tangu tuhamie, na kusema kweli imeniuma kuliko ya kwanza.

Wanangu ni wawili, wa kike ana miaka minane, wa kiume mitano. Tunakaa Tokyo, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Nimetandika mikeka ya sponji nyumba nzima, nimewanunulia soksi nene, nimewafundisha kutembea kwa ncha za vidole. Kumwona mtoto wa miaka mitano ananyata ndani ya nyumba ya baba yake, akigeuka kukutazama kama amekosea, ni maumivu ambayo sikuyajua kabla sijaja huku.

Mimi nimekulia Ujiji, ua mmoja, nyumba nne, watoto kumi na mmoja. Jirani akichoshwa na kelele zetu alitoka akafoka, siku nyingine alikuja na fimbo, na jioni yule yule anakuita ule ugali na migebuka pamoja na wanawe. Ameshasema, yameisha. Hapa sijui hata sura ya anayelalamika. Nikipanda ngazi nasalimia kila mtu, na kila anayeitikia namtazama mara mbili, huenda ni yeye. Ningemjua ningebisha hodi na boksi la biskuti kama desturi yao ilivyo, nimwombe radhi, naye anione kuwa ni mama kama mama yake. Lakini karatasi haina jina, na biskuti huwezi kuipelekea karatasi.

Barua ya kwanza ndiyo iliyotutoa nje. Baba yao alisema, kama ndani hakuna nafasi ya miguu yao, tutaitafuta mjini. Tangu siku hiyo hakuna Jumamosi wala Jumapili tunayoshinda ndani, mvua ikiwa ya kuvumilika.

Wifi yangu kila akiona picha ananiuliza, Disney lini? Nyumbani tunaamini mtoto wa Tokyo anashinda huko. Kwanza Disneyland yenyewe haipo Tokyo, ipo Urayasu, mkoa wa Chiba. Pili, siku za msongamano tiketi ya mtu mzima mmoja inaweza kuzidi yen 10,000. Zidisheni kwa shilingi, mtanielewa. Tulikwenda mara moja, watoto walifurahi, sina la kulalamika. Ila treni ile ile ya njia ya Keiyo inayokwenda huko, ukishuka kituo kimoja kabla, unafika Kasai Rinkai. Behewa zima limejaa watoto waliovaa masikio ya panya, sisi tunabeba mfuko wetu wa chapati na kushuka. Hapo pana bustani kubwa kando ya bahari, nyasi za kukimbia hadi uchoke, na nyumba ya samaki iliyofunguliwa mwaka 1989. Mtu mzima yen 700, watoto hadi miaka kumi na miwili bure. Ndani kuna tangi wanamozunguka jodari wazima, wakubwa, bila kusimama. Baba yao ni mtoto wa Tanga, amekula jodari tangu hajaota meno, lakini alisimama pale mdomo wazi. Mwanangu anapiga kelele "maguro! maguro!" naye anamjibu, "Sema jodari, baba. Huyo ni jodari." Tulitoka hapo baada ya saa nzima, na neno limeingia, halijatoka tena.

Ueno nako usipite. Bustani ya wanyama ya kwanza nchini Japani, ya mwaka 1882, kiingilio yen 600 kwa mtu mzima, na wa umri wa wanangu hawalipi. Familia nzima tunaingia kwa yen 1,200. Wengi walikuwa wakifuata panda. Mimi kilichonisimamisha ni ndege mkubwa wa kijivu, shoebill kwa Kiingereza, mdomo mpana kama kiatu cha jeshi, anayeweza kukaa muda mrefu bila kutikisika. Wajapani wamejipanga mbele yake na kamera, kimya kama msikitini. Nikasoma kibao: Afrika, mabwawa. Ndege huyu yuko Uganda, na yuko kwetu, kwenye mabwawa ya Malagarasi, mto unaoingia Tanganyika kusini ya mji niliozaliwa! Mimi mtu wa Kigoma, ndege huyo nimemwona kwa mara ya kwanza Tokyo, kwa tiketi. Niliwaita wanangu nikawaambia huyu ni wa kwetu, na wakamweleza mzee aliyekuwa karibu, naye akaniinamia kana kwamba ndege ni wangu. Nilijisikia vizuri siku nzima. Palepale Ueno kuna na okapi, mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye na mimi nilikuwa nikimwona kwenye vitabu tu.

Lakini mahali palipobadilisha maisha yetu ni Hanegi, wilaya ya Setagaya. Unashuka kituo cha Umegaoka, unatembea dakika chache. Ndani ya bustani hiyo kuna uwanja wa watoto ambao kwa macho ya kwanza nilidhani ni eneo la ujenzi lililotelekezwa. Mbao, magurudumu, kamba, matope, misumeno, nyundo, na moto unaowaka. Hakuna tiketi. Kuna vijana walioajiriwa kuwatazama watoto wakicheza bila kuwaingilia, na kuna bango: cheza kwa uhuru, kwa wajibu wako mwenyewe. Wazazi wa mtaa huo waliuanzisha pamoja na wilaya mwaka 1979, kwa wazo lililoanzia Denmark mwaka 1943, kwamba mtoto anahitaji kitu cha kujenga na kubomoa. Na hii ni katika mji ambao bustani nyingi ndogo zina kibao cha kukataza mpira.

Siku ya kwanza kijana wa kama miaka kumi alikuwa anahangaika na kiberiti. Ameweka gogo nene juu ya gogo nene, moshi tu. Binti yangu akanivuta mkono, "Mama, wewe unajua." Nikachutama. Nikatoa magogo, nikatafuta matofali matatu, nikayapanga kwa nafasi, nikaweka vijiti vyembamba kama vya kiberiti, kisha vya kidole, nikaacha upenyo upande upepo unakotoka, nikapuliza kwa chini, taratibu. Ukashika. Watoto saba wakasogea. Mlezi mmoja mwenye taulo kichwani akachutama karibu yangu, akauliza yale matofali tunayaitaje kwetu. Nikamwambia, mafiga. "Ma-fi-ga," akasema, sawasawa kabisa, maana maneno yao kama yetu, hupenda kuishia na irabu. Nina miaka minne hapa, na kwa miaka minne mimi ni wa kufundishwa: taka hii siku hii, foleni pale, viatu vua hapa. Siku ile niliulizwa, na nikawa na jibu. Jioni kengele ya mtaa ya saa kumi na moja ilipolia kuwarudisha watoto makwao, wanangu walinuka moshi kama mimi nilivyokuwa nikinuka, na sikuona haraka ya kuwaogesha.

Sisemi nyumbani ni pazuri kuliko huku. Kile kiwanja tulichochezea rede na kombolela leo kina fremu za maduka, na wapwa zangu wanacheza barabarani kati ya bodaboda. Hili nalo linaniuma. Wajapani hawa wenye ardhi ya kupima kwa kiganja wametenga mahali mtoto achafuke bure, sisi wenye ardhi tunauza mpaka upenyo wa mwisho.

Wewe unayepanga kuja na watoto, nisikilize. Tafuta nyumba ya chini kabisa, hata kama dirisha linatazama ukuta, ghorofa utaijutia. Usikubali kusaini kabla hujauliza kama jengo linapokea watoto. Ukihamia una siku 14 za kuandikisha anwani ofisi ya wilaya, na hapo hapo uombe posho ya mtoto, yen 10,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka mitatu, 15,000 kwa aliye chini yake. Ni haki ya mkazi, usione aibu. Katika wilaya 23 za Tokyo matibabu ya mtoto ni bure mpaka miaka kumi na minane. Kwenye treni aliye chini ya miaka sita halipi akiwa na mzazi, wa shule ya msingi nusu nauli. Na uliza jidokan iko wapi, wilaya nyingi zinazo: ni nyumba ya watoto, bure, ina vitabu, mipira, baiskeli za gurudumu moja. Siku za baridi kali hapo ndipo tunaponea. Ninajua mama mmoja kutoka Arusha aliyekaa miezi minane na mtoto chumbani, analia, na jidokan ipo mtaa wa pili. Hakuna aliyemwambia. Mimi nawaambia.

Leo ni Ijumaa. Barua bado iko juu ya friji, sijaitupa na sijui nitaijibu vipi. Nimefunga viazi vitamu vinne kwenye gazeti lililoloweshwa, juu yake karatasi ya foili, vya kufukia kwenye majivu ya Hanegi kesho. Mwanangu amevipanga mlangoni kando ya viatu vyake vyenye matope ya wiki iliyopita, amevihesabu mara mbili, kisha amepita mbele yangu kwa ncha za vidole kwenda kulala.