Upepo wa Kusi Unapofika Muscat: Kuzamia Katika Baridi ya Kiangazi

Mwezi wa Julai jijini Muscat hewa hupita nyuzijoto 40, na maji ya juu ya bahari huwa vuguvugu kiasi kwamba mtu akijitupa kutoka botini hapati hata ule mshtuko mdogo tuliouzoea utotoni kwetu Kilindoni, Mafia. Ndiyo maana mgeni huvaa suti nyembamba ya kuzamia, au fulana tu, akiamini kwamba joto hilo linafika hadi chini. Nami niliamini hivyo katika kiangazi changu cha kwanza. Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wanaokuja kufanya kazi Oman na ambao, kama mimi, wanajifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa wakiwa tayari ugenini, kwa kuwa kwetu wengi tulikulia kando ya bahari bila kuwa na uwezo wa kulipia mafunzo hayo.

Tulikwenda Kisiwa cha Fahal, lile jabali linaloonekana wazi ukisimama ufukweni Qurum. Aliyetuongoza alituambia asubuhi hiyo kwamba suti ya milimita 3 inatosha, na habari ya baridi hakuitaja kabisa. Tulishuka kando ya ukuta wa mwamba, na kompyuta ya kuzamia niliyovaa mkononi ilionyesha nyuzi 31 mpaka mita ya 9. Baada ya hapo niliona maji yaliyo chini yangu yakitetemeka na kupoteza umbo, kana kwamba mtu amemwaga mafuta ya nazi ndani yake, na nilipoingiza miguu nilihisi nimekanyaga sakafu ya barafu. Kufika mita ya 14 kompyuta ilisoma nyuzi 22. Pumzi ilinikatika, kisha ikarudi kwa kasi ambayo sikuweza kuitawala, nikawa navuta hewa mara mbili pale ambapo ningevuta mara moja. Baada ya dakika 20 mwenzangu alinionyesha geji ya mtungi wangu, na hewa iliyobaki ilikuwa ya kutosha kupanda tu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata nikashindwa kubonyeza kitufe cha koti la kuelea, na ni yeye aliyenibonyezea.

Nyuzi 22 si baridi ya kutisha kwa mtu aliyejiandaa, kwani wapo wanaozamia katika maji yenye nyuzi 5 wakiwa wamevaa suti kavu, ile isiyoingiza maji. Hatari iko katika kutotarajia. Mwili ulioingia majini ukiwa na jasho la jua, katika suti ya kiangazi, hukutana na maji yaliyopoa kwa nyuzi 9 ndani ya mita chache, na maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 ya ile ya hewa.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mwenye boti, Mwomani aliyezaliwa Unguja, ambaye Kiswahili chake kingali cha Mji Mkongwe. Nilimsalimu, "Shikamoo, ami," akaitikia, kisha akaniuliza tulishuka siku gani. Nilipomwambia, alisema, "Siku hiyo upepo ulikuwa unatoka Sur kwa siku ya tatu. Mngeniuliza ningewaambia mvae nzito."

Sur iko kusini-mashariki ya Muscat, na maneno yake yalinifanya nitafute maelezo ya jambo ambalo yeye alilijua kwa macho. Kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu yanayosukumwa na upepo hayaendi moja kwa moja unakoelekea upepo. Katika nusu ya kaskazini ya dunia hupinda kulia, na katika nusu ya kusini hupinda kushoto. Pwani ya Muscat inatazama kaskazini-mashariki, kwa hiyo upepo unaotoka upande wa Sur, ukivuma sambamba na pwani kwa siku mbili tatu, huyasukuma maji ya joto kuelekea bahari kuu, na nafasi yake huchukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka kilindini. Upepo ukikatika, maji ya joto hurudi, na mtu akishuka mwamba uleule wiki ijayo anaweza kukuta nyuzi 30 hadi chini na kudhani kwamba tulitia chumvi.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba chanzo cha yote haya ni kusi yetu. Upepo wa kusi unaovuma Mafia na Tanga ukitoka kusini-mashariki huvuka ikweta, hupinda, kisha hupita Somalia na kufika pwani ya Dhofar, kusini mwa Oman, ukiwa unatoka kusini-magharibi, na huko ndiko unakoleta msimu wa ukungu na manyunyu unaoitwa khareef. Kwetu, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, upepo huo huyalaza maji kuelekea pwani, hivyo kilindi hakipandi. Ukishavuka ikweta, upepo uleule huyatoa maji pwani, na bahari ya Somalia na ya Dhofar hupoa katikati ya kiangazi. Mirbat, mji wa pwani ya Dhofar ambako wakati mwingine wa mwaka maji ni ya joto, yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20. Kule hakuna la kuzamia miezi hiyo, maana mawimbi ni makubwa mno na boti nyingi hufungwa hadi Septemba. Hapa Muscat tunapata vipindi vifupi tu vya baridi, na ufupi huo ndio unaowaponza watu.

Siku hizi nikijua kwamba upepo umekaa upande wa Sur, navaa suti ya milimita 5 yenye kofia, nikiongeza kilo 2 za risasi kwenye mkanda kwa sababu mpira mnene huelea zaidi. Ni vyema kukumbuka kwamba mpira huo umejaa viputo vya gesi, na katika kina cha mita 10, ambako mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, viputo hivyo husinyaa, kwa hiyo suti huwa nyembamba palepale inapohitajika kuwa nene. Hesabu ya hewa naifanya upya, nikianza kurudi mapema zaidi kuliko siku ya joto. Tena mwili ukipoa, mishipa ya damu ya mikono na miguu hujibana, na nitrojeni iliyoyeyuka mwilini huchelewa kutoka wakati wa kupanda. Kwa bahati njema, mara nyingi tabaka la joto hubaki juu, kwa hiyo kile kituo cha usalama cha dakika 3 katika mita 5, yaani kule kusimama kidogo ili nitrojeni itoke, nakifanya kuwa dakika 5 au zaidi nikiota joto. Asubuhi moja ya Agosti hapakuwa na joto hata huko juu, nami nilisitisha mzamio wa pili bila kujadiliana na mtu.

Lakini nisingependa msomaji adhani kwamba baridi hii ni adhabu. Maji ya kilindi hupanda na rutuba, na rutuba hiyo hulisha vijimea vidogo vinavyoifanya bahari kuwa ya kijani na kuleta dagaa kwa makundi yanayofunika jua. Uwezo wa kuona unaweza kupungua hadi mita 4, kisha kutoka kwenye ukungu huo akatokea papa potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote, yuleyule wa Kilindoni, ambaye hapa huonekana zaidi kwenye Visiwa vya Daymaniyat wakati wa kiangazi. Visiwa hivyo 9 ni hifadhi tangu 1996, na kuzamia huko kunahitaji kibali. Katika Bahari ya Arabu wapo pia nyangumi wa nundu wasiofika 100, ambao hawasafiri kwenda Antaktika kama wale wanaopita pwani yetu kuanzia Julai, kwa kuwa kusi huwaletea chakula mlangoni.

Juzi mama alinipigia simu kusema kwamba kusi imekaza, na wavuvi wa ngarawa hawatoki nje ya mwamba. Nilimwambia kwamba hata huku umefika, kwani jana katika mita ya 12 nilisoma nyuzi 23, na suti yangu nzito iko barazani inakauka kwa ajili ya Ijumaa.