Maji ya tofali

Karatasi ya talaka aliniletea shemeji, na jioni ile ile nikarudi kwa wazazi wangu Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, na begi la nguo na kitinda mimba mgongoni. Nikakaa eda. Eda ikaisha, sikutoka. Dukani nilikwenda baada ya magharibi, na nikaanza kufunga ninja, mimi ambaye sikuwahi kuifunga, kusudi watu wa mtaani wasinitambue. Aliyenitambua aliniuliza, "Umekuja kutembea?" na wote wawili tulijua kwamba sikuja kutembea.

Kuachwa peke yake kusingenifikisha huko. Lililonikaa rohoni ni neno alilolisema mume wangu mbele ya baraza la usuluhishi: "Nyumba ya kule Mabawa nimejenga mimi. Huyu hakuleta hata tofali moja." Wajumbe wakanigeukia. Nikasema ni kweli, sikuleta. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, sijawahi kupokea mshahara, na kila karani aliponiuliza kazi yangu nilimjibu kwamba sina. Kwa hiyo niliona ametaja tu kinachojulikana: nimekaa kwa mtu, nimekula, sasa nimerudishwa.

Shangazi yangu hakukubali. Akanipeleka kwa mama mmoja msaidizi wa kisheria. Yule mama hakunipa pole. Aliniuliza, "Ukiamka asubuhi, ulikuwa ukianza na nini?" Nikamweleza, naye akaandika. Ukurasa ukajaa, akaufunua mwingine.

Kisha akanisimulia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama ikigawa mali itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Majaji walikuwa wamegawanyika juu ya hiyo "kazi". Wengine walisema kupika na kulea ni wajibu wa mke tu, hauhesabiwi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ikaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokidai, kwa sababu mahakama iliona mumewe alikwishampa fedha za biashara naye akazitapanya. Hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo. Alitoka mikono mitupu, na wanawake waliodai baada yake wanalitaja jina lake.

Kutafuta mashahidi kulinitisha kuliko mahakama yenyewe. Ilibidi nirudi Mabawa, mtaa ule ule, mchana, nibishe hodi kwa watu walioniona nikiondoka. "Shahidi hatafutwi gizani, mama," aliniambia yule msaidizi. Mlango wa kwanza nikafungua ninja, maana jirani ni lazima aone anaongea na nani. Alinitazama, akanishika mkono, akasema, "Nitakuja. Mimi nilikuona." Wa pili alikataa kwa kumwogopa mumewe. Sikumlaumu.

Siku ya kesi, kwenye mahakama ya mwanzo, walikaa hakimu na wazee wa baraza wawili. Nikaapa. Hakimu akasema, "Mdai, eleza mchango wako." Nikaanza kwa sauti ndogo, karani akaniambia haisikiki. Nikameza mate, nikaanza upya.

"Tofali sikuleta, mheshimiwa. Zilifyatuliwa pale pale kiwanjani kwa saruji ya Pongwe. Tofali likikaukiwa na jua bila maji linapasuka. Niliyezimwagilia asubuhi na jioni ni mimi. Bomba lilikuwa mbali, maji nilibeba kichwani, na nilikuwa na mimba ya mwanangu wa pili."

Nilipolisikia hilo kwa kinywa changu mwenyewe, mengine yakaja yenyewe. Uji wa mafundi kabla hawajapanda juu. Fedha za matumizi nilizozibana mpaka zikatoa mabati ya chumba cha uani. Mama mkwe aliyepata kiharusi upande mmoja, nikimgeuza usiku asipate vidonda, nikimfulia, nikimlisha kwa kijiko, nikimpeleka kliniki hospitali ya Bombo kwa bajaji. Sikulia. Nilikuwa nikitaja kazi, moja baada ya nyingine, na karani alikuwa akiandika. Kitu hiki siwezi kukieleza vizuri zaidi ya hivi: kumwona mtu akiyaandika maisha yangu kwa wino wa mahakama.

Jirani akatoa ushahidi wake. Kisha mzee mmoja wa baraza akamgeukia mume wangu.

"Mama yako alipolala, nani alikuwa akimgeuza?"

Akanyamaza. Akatazama chini.

"Yeye, mzee."

"Na wewe?"

"Nilikuwa njiani na lori. Natafuta."

"Ungemwajiri mtu wa kumtunza, ungemlipa?"

"Ningemlipa."

Ninamheshimu kwa jibu lile. Alikuwa ameapa, na hakusema uongo juu ya mama yake. Hukumu ilikuwa bado, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuinua uso na kumtazama, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ya karatasi.

Hukumu ikanipa theluthi ya thamani ya nyumba. Akalipa kwa awamu, kwa kuchelewa, lakini alilipa.

Nakala ya hukumu aliichukua baba. Sikuwa nimetambua kwamba na yeye alikuwa na aibu yake: tangu nirudi alikuwa akiswali na kurudi moja kwa moja nyumbani, hapiti tena kwenye baraza la kahawa la jirani. Siku ile alipita. Akavaa miwani, akawasomea wazee wenzake kuanzia jina la mdai, nami nikimsikia kutoka dirishani. Alipofika pale hakimu alipoandika habari za kumwagilia tofali, mzee mmoja akaweka kikombe chini.

"Hebu rudia hapo pa maji."

Baba akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Na bomba lilikuwa wapi?" akauliza mwingine.

"Mbali," baba akasema. "Binti yangu alibeba kichwani."