Hela ipo, mlango haupo

Jumamosi, baridi ya Uyole, Mbeya, ikining'ata vidole, nilitaka kununua mchezo wa video wa mpira kwenye duka moja la mtandaoni. Bei kama Sh12,000. Hela ninayo, imo kwenye simu, malipo ya viazi. Duka likadai namba ya kadi. Kadi niitoe wapi mimi? M-Pesa ipo Tanzania tangu 2008. Mama anauza vitunguu sokoni Mwanjelwa na wateja wanamlipa kwa simu bila maswali. Ikabidi nimtumie binamu alipe kwa kadi yake, naye akala 2,000 "ya soda". Makato ya kutuma juu yangu. Halafu wenye maduka hayo wanashangaa vijana wanacheza michezo ya wizi, nakala zisizolipiwa! Wapokee hela za simu, tutalipa. Mchezo wenyewe bado unapakuliwa, asilimia 41.