Esansi ilipanda, vikopo vyetu tukavifuata na kinga (baiskeli)

Ile Jumapili nilifika nyumbani giza inaingia, gari yote vumbi, miguu yote vumbi, nikaketi na bic na kipande cha karatasi nikapiga hesabu. Litri 31 za esansi (petroli), vikopo vinne. Yaani karibu litri 8 kwa kikopo kimoja, na ndani ya kikopo hamna kitu isipokuwa kakitabu ka kuandika jina, kalamu ya risasi na vitu vya watoto. Sikulala vizuri siku ile. Si kwamba nilichoka na mchezo, hapana, ni juu niliona wazi kama tukiendelea vile mchezo utakufa, na mimi huu mchezo naupenda kweli.

Kwa wale hawaujui: ni kusaka vikopo na GPS, wenyewe wanaita jiokeshingi. Mtu anaficha kikopo mahali, anachukua namba za GPS za pale, anawapa wengine, na wengine wanaenda kutafuta. Ukikipata unaandika jina na tarehe, ukichukua kitu unaacha kingine, unarudisha kikopo palepale kilikuwa. Ulianzia Marekani, kule Oregon, mwezi wa 5 mwaka 2000. Mbele ya hapo serikali yao ilikuwa inaharibu makusudi kipimo cha GPS cha raia, ukisoma namba unaweza kuwa umekosa mita 100, siku walitoa kile kizuizi kipimo kikawa cha mita chache, na baada ya siku moja tu jamaa mmoja akaficha ndoo porini akatangaza namba zake. Kila kitu kilitokea pale. Kwetu Lubumbashi, huku Kongo, ni binamu yangu njo alituletea habari, alikuwa amesoma Ubelgiji, akaturudishia huu mchezo pamoja na masweta. Tuko watu sita, tunajifichia vikopo sisi kwa sisi, namba tunatumiana kwa simu.

Zamani tulikuwa tunaenda mbali bila kufikiri. Likasi ni kilometa 120, kwenda na kurudi 240, ongeza njia za vumbi za kuingia porini unafika 280. Gari yetu ni Toyota ya zamani, ya yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, inakunywa esansi sana. Wakati esansi ilikuwa bei ya kawaida kila mtu anatoa kidogo, tunajaza, tunatoka. Kisha ikaja 2022, vita ya Ukraine ikaanza, pipa la mafuta likapita dola 120 kule dunia inauza, na sisi huku hatuna bahari, esansi yetu nyingi inatoka Dar es Salaam na makamiyo, inavuka Zambia yote, inaingilia mpaka wa Kasumbalesa, kwa hiyo bei ikipanda kule unalipa pia kamiyo, njia, foleni ya mpaka, na dola ikipanda juu ya franka ni mara ya pili unalipa. Bei serikali njo inapanga, lakini stasio ikikosa mafuta ile bei ya kwenye ubao haikusaidii kitu. Kuna siku tulipiga foleni tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, saa nne wakasema imeisha.

Ile siku ya foleni njo nilifanya kosa langu kubwa. Nikaenda kwa kadhafi, muuzaji wa esansi wa pembeni ya barabara, bido ya litri 5, bei karibu mara mbili, nikamimina, tukatoka kwenda upande wa Kipushi. Hatukufika kilometa kumi gari ikaanza kukohoa, inasukuma, inaacha, inasukuma, kisha kimya. Tulisukuma mpaka kwa fundi mmoja chini ya muembe. Yule mzee hakusema mengi, alifungua bomba ya chini ya kabureta akaachia esansi kidogo ndani ya chupa nyeupe ya maji, akaiinua kwenye jua, akaniambia, «Papa, ona.» Nikaona. Chini ya chupa kulikuwa na kama vidole viwili vya maji, na juu yake esansi ya rangi ya manjano, katikati mstari umekatwa safi kabisa kama na kisu. Maji ni mazito kuliko esansi kwa hiyo yanashuka, na bomba ya tanki inavuta kutoka chini, kwa hiyo gari inakunywa maji kwanza. Kusafisha kabureta na kutoa yote ya tanki kulitugharimu bei ya safari mbili. Tangu ile siku sinunui bila chupa nyeupe: unamimina kidogo, unaacha dakika mbili tatu, unatazama chini. Muuzaji akikataa usubiri, unaenda zako. Na mwingine atasema heri kununua nyingi siku iko na kuweka nyumbani, tafadhali hapana, nyumba zetu zina mbabula (majiko ya makaa) na mishumaa na watoto, mvuke wa esansi hauonekani na unatafuta moto wenyewe.

Basi tukaanza kupanga. Kitu cha kwanza nilitaka kujua ni gari inakunywa ngapi kweli, juu kila mtu alikuwa anasema namba yake. Ni rahisi: unajaza tanki mpaka mwisho, unaandika kilometa, unatembea, siku nyingine unajaza tena mpaka mwisho palepale na unasoma litri ngapi zimeingia. Ya kwetu: kilometa 310, litri 37. Karibu 12 kwa kilometa 100! Tukapulizia mipira ya gari vizuri (ilikuwa laini sana, zote nne), tukatoa ile galeri ya juu ambayo hatukuwa tunabeba kitu juu yake tangu harusi ya dada yetu, na tukakubaliana dereva asipite 80. Mara ya pili kilometa 290, litri 28. Imeshuka chini ya 10. Hakuna kitu tulinunua, ni hewa na adabu tu.

Cha pili tulibadilisha namna ya kuficha. Mbele kila mtu alikuwa anaficha mahali roho yake inapenda, mmoja njia ya Kasenga, mmoja njia ya Likasi, kwa hiyo kila kikopo ni kwenda na kurudi kwa njia ileile. Tukasema sasa tunachora duara. Ramani ya OpenStreetMap unaipakua nyumbani mara moja, huko porini haitaki mega za intaneti, na GPS yenyewe haikuli mega hata kidogo, simu inasikia satelaiti tu, watu wengi hawajui hii wanazima kila kitu wakidhani krediti inaisha. Tukapanga vikopo tisa kwa duara moja ya kilometa 75, kila kimoja mbali na mwenzake zaidi ya mita 161 kama sheria ya mchezo inavyotaka. Litri 8 na vikopo tisa. Nikalinganisha na ile Jumapili ya litri 31 nikafurahi sana.

Lakini bei haikusimama. Manseba, wale wa taksi za pikipiki, nao wakapandisha, taksi-bisi wakapandisha, yaya akaanza kuhitaji gari kila siku. Njo hapo nilinunua kinga.

Kinga yenyewe ni ile nzito ya chuma, ya mtu wa pili, kiti kigumu, karie nyuma ya kubeba hata magunia. Nilibadilisha shambreri (mipira ya ndani) mbili na rayo (spoki) sita na nikaongeza pompi ndogo. Wenzangu watatu wakafuata, mmoja anaazima ya baba mkwe wake. Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200, na njia nyingi hazina milima mikali, kwa hiyo mtu wa kawaida anaweza. Sisemi ni rahisi. Siku ya kwanza tulifanya kilometa 18 kwenda na nilifika magoti yanatetemeka.

Ukitoka mapema na kinga unakutana na watu wa makala, yaani mkaa, wanaingia mjini. Nilikuwa nawaona kutoka ndani ya gari miaka yote na sikuwahi kuwaona. Magunia matatu, manne, mengine yamesimama juu ya mengine, mtu mwenyewe anasukuma kwa pembeni amelala juu ya mzigo, jasho limechora mistari kwenye vumbi la makala usoni. Wametoka usiku. Tulipumzika pamoja nao chini ya mti, mzee mmoja akaona namna nasukuma pedali kwenye kale kapandisho akaniambia, «Mwanangu, pa mlima kinga haikubali nguvu. Shuka, utembeye nayo, utafika mbele ya mwenye kupanda.» Nikajaribu. Ni kweli, nilifika na pumzi zangu.

Na ni yeye njo alituonyesha kikopo chetu kimekufa. Tulikuwa tunatafuta kimoja tulikiacha mwezi wa 5 chini ya kichuguu kikubwa, vile vichuguu vya huku unajua, vinapita urefu wa nyumba, na miti inaota juu yake. Simu inasema mita 4, mita 3, tunazunguka, hamna. Mzee akasema, «Hapa moto ulipita.» Akaingiza fimbo kwenye majivu akageuza, ikatoka kitu cheusi kama ngumi ya mtoto, plastiki imeyeyuka na kugandamana. Tulipoivunja, ndani kulikuwa na ile risasi ya kalamu, nzima, nyembamba, inang'aa. Mbao yake imekwenda, kitabu kimekwenda na majina yetu yote, risasi imebaki. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Kwa gari tungesema tu kimeibiwa, tungerudi, tungechoma litri zingine kuja kutafuta tena.

Kila kiangazi majani yanachomwa, kuanzia mwezi wa 6 mpaka mvua zikaribie, hiyo inajulikana, ni sisi hatukufikiri. Sasa tunatumia makopo ya chuma ya maziwa ya unga, ndani tunafunga kitabu kwa mfuko, na tunaweka katikati ya mawe pasipo majani, tunafyeka mita moja pembeni. Hatuchimbi wala hatuziki, na hatuingizi mkono kwenye shimo la kichuguu kabla ya fimbo, juu ya nyoka. Ndani ya kila kopo kuna karatasi kwa Kiswahili na kwa Kifaransa inasema hiki ni kitu cha mchezo, hakina feza, hakina dawa, ukikikuta ukiache. Na kabla ya kuficha tunaenda kumuona chifu wa kijiji. Kwa gari tulikuwa tunapita vijiji bila kusalimia mtu, tunaacha vumbi. Na kinga huwezi kupita bila kusalimia, wanakuuliza unatoka wapi, unakunywa munkoyo wao, unaeleza. Mama mmoja ametuchungia kopo letu, akiona watoto wanalikaribia anawaambia ni la wale wa kinga.

Kipimo pia kimekuwa kizuri zaidi, na hii sikuitegemea. Zile namba zetu tunaziandika kwa digrii na dakika, S 11° na E 27° kwa hapa kwetu, na dakika ina desimali tatu. Ile desimali ya mwisho ni kama mita mbili tu. Ukichukua namba haraka haraka gari inangoja na injini inawaka, unaandika namba ya kwanza simu inakupa na chini ya miti inaweza kukosa mita 10, 15. Sasa tunaweka simu juu ya jiwe, tunaiacha dakika tano, tunasoma mara tatu na muda katikati, tunachukua ya kati. Vikopo vya mwaka huu mtu anafika na kutazama chini ya miguu yake.

Gari hatujaiacha kabisa. Kuna mahali kinga haifiki kwa siku moja. Sisi wote tunataka Mwadingusha, ukishapita Likasi, kule kwenye maporomoko na barrage (bwawa) ya mto Lufira, nimekufikiri tangu ule mwaka wa esansi. Kwa hiyo tulifanya hivi: kila Jumapili ya kinga kila mtu anatoa bei ya litri moja, bei ya siku ile ya stasio, ile angechoma kama tungetoka na gari. Zinaingia ndani ya kopo la maziwa, dada yangu njo analichunga, na kwenye kifuniko tunaandika litri, hatuandiki franka, juu franka inabadilika na sisi tunataka kujua gari itafika au haitafika. Bei ikipanda tunahesabu upya na namba kwenye kifuniko inashuka, imetokea mara mbili, inauma, tunafuta tunaandika nyingine.

Jana kifuniko kilikuwa kinasema 38. Kwa hesabu yangu kwenda na kurudi, watu watano, mipira imejaa hewa, 80 kwa saa, tunahitaji 45. Zinabaki Jumapili mbili. Tukitoka mwisho wa mwezi wa 8 miti ya miombo itakuwa imeanza kutoa majani mapya, yale mekundu, na kopo la kule nimeshalipaka rangi.